Bibi, Si Ulafi
Hotuba niliyoitoa kwa wazungumzaji wa Kiswahili waliokutana Trondheim, Norwei, katika wiki ya Olsok, sikukuu ya Mtakatifu Olav

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, vijana, na nyinyi watoto mnaokimbizana huko nyuma ya viti, habari za jioni.

Nimepewa dakika ishirini na nimepewa kisa. Mwezi wa tatu nyumba moja ya wenzetu hapa mjini ilijaliwa mtoto wa kiume. Mama ni Mtanzania, baba ni Mnorwei. Simu ikapigwa Korogwe, bibi akaambiwa mjukuu ameitwa Olav. Sasa, nyinyi mnaoishi hapa mnajua kwamba Wanorwei hawalitamki jina hili kama linavyoandikwa. Ile o ya mwanzo kwao hutoka kama u yetu, tena ya kuvuta: Uulav. Mtandao nao siku ile ulikuwa unakatakata. Bibi akanyamaza kidogo, kisha akauliza taratibu, "Mmemwita mtoto Ulafi?"

Mnacheka. Bibi hakucheka. Kwetu kuna watu wanaitwa Shida, kuna Tabu, kuna Masumbuko, na kila jina lina habari nyuma yake: mvua ilikatika mwaka ule, au mama aliugua, au wakwe walikuwa hawaongei. Kwa hiyo bibi alipouliza alikuwa anataka habari. Nani mlafi katika ukoo huo mpaka mtoto abebeshwe?

Na angejua jina la kifupi ndiyo angezidi kuchanganyikiwa. Olav likifupishwa huwa Ole. Ukilisoma kwa macho ya Kiswahili ni onyo: ole wako! Ukimsikia Mnorwei akilitamka, anasema ule, kama mama anayemhimiza mtoto mezani. Mtoto anaitwa Ulafi, halafu kila saa anaambiwa ule.

Basi mimi leo nimetumwa na bibi. Maana yake ni nini, limetoka wapi, na kwa nini watu wa huku, miaka zaidi ya elfu, hawajalichoka?

Jina lina vipande viwili. Wataalamu wa lugha wamelirudisha nyuma mpaka kwenye umbo lake la kale sana, la kabla ya Wavikingi, wakapata Anulaibaz. Anu ni mhenga, mzee wa ukoo aliyetangulia. Mjerumani hadi leo mhenga wake anamwita Ahn. Laibaz ni kilichoachwa, kilichosalia, na kutoka hapo ikawa mrithi, maana mrithi ni nani kama si yule aliyebaki? Kipande hiki cha pili ndicho kinachosimama peke yake katika jina Leif, lile la baharia Leif Eriksson. Viunge viwili hivyo upate: aliyeachwa na wahenga.

Vitabu vya majina ya watoto huandika "masalia ya mababu" vikaishia hapo, ukadhani wanazungumzia mifupa. Sivyo. Masalia yenyewe ni mtoto. Mzee amekwenda, kilichobaki chake duniani ni huyu anayelia kwenye beseni.

Halafu jina likaanza kusafiri na kulika, kama sarafu inayopita mikono mingi. Silabi za mwisho zilianguka. Ile n ilimezwa puani, ikabaki sauti ya pua kwenye irabu, baadaye hata hiyo ikapotea. Ndipo tunakuta maandishi ya Iceland ya zama za kati yakiandika Áleifr, na zaidi Óláfr. Lakini angalieni jambo hili, maana mimi kama mwalimu wa lugha linanifurahisha kuliko yote nitakayosema leo. Wenye jina waliipoteza n, majirani walioliazima wakaitunza. Waingereza wa kale waliandika Anlaf. Ndivyo alivyoandikwa mfalme wa Dublin aliyepigana vita vya Brunanburh mwaka 937. Waayalandi wakaandika Amlaíb, pua imegeuka m. Kutoka kwa Waayalandi likaenda Uskoti, na wale akina MacAulay wa kisiwa cha Lewis wanabeba jina hilo hilo: mac ni mwana, Aulay ni Olav. Mwazimaji ametunza alichokipoteza mwenye mali. Nasi tunayo maneno ya Kiarabu na Kireno kwenye Kiswahili ambayo huenda wenyewe wamekwisha yasahau, kwa hiyo tusiwacheke.

Kwenye nchi nyingine lilivaa nguo za huko. Iceland ni Ólafur, visiwa vya Faroe ni Ólavur, Uswidi ni Olof, Denmark ni Oluf, Estonia ni Olev. Finland ni Olavi. Huyo Mfini nampenda. Yeye kama Mswahili hapendi kuliacha neno likining'inia kwenye konsonanti, akaliwekea irabu ya kukalia. Bibi wa Korogwe angekuwa Mfini asingepata shida hata kidogo.

Sasa nije kwenye desturi, kwa sababu jina hili na desturi ya kutoa majina ni kitu kimoja.

Watu wa kaskazini wa zamani, hata kabla Ukristo haujafika, mtoto walimmwagia maji wakati wa kumtaja jina. Aliyetoa jina hakutoa mdomo mtupu: alipaswa kutoa na zawadi, na zawadi hiyo ilikuwa na jina lake, nafnfestr, yaani kifunga jina. Jina lisipofungwa kwa kitu litateleza. Jino la kwanza likichomoza, zawadi nyingine, tannfé. Wazazi wa siku hizi mnaolalamika gharama za bethidei, hamkuanza nyinyi.

Na jina lenyewe lilitoka wapi? Mara nyingi kwa marehemu wa ukoo. Olav Tryggvason, mfalme ambaye kwa mapokeo ndiye aliyeanzisha mji huu mwaka 997, alikuwa Olav mwana wa Tryggve mwana wa Olav. Sikieni inavyokwenda: babu, baba, babu tena. Nani hapa hana mjomba anayeitwa Juma Hamisi Juma? Baba akifa mtoto angali tumboni, mtoto akizaliwa wa kiume mara nyingi alipewa jina la marehemu baba yake. Walio hai, kwa kawaida, hawakuguswa. Jina lilisubiri mwenyewe aondoke.

Baadaye, kwa wakulima wa Norwei, ikawa ratiba kabisa. Mtoto wa kwanza wa kiume ni jina la babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama. Mkikuyu akisikia hivi atadhani nazungumzia Nyeri. Ratiba ni ile ile, tofauti ni baridi. Walikuwa na kanuni moja ambayo sijawahi kuikuta kwetu: mjane akiolewa tena, mtoto wa kiume wa kwanza wa ndoa mpya hupewa jina la mume aliyekufa. Waume wa pili walikubali! Hapo mwanamume unakaa mezani na marehemu kila siku, tena unamlisha.

Kuna kisa kimoja kinaonyesha jinsi walivyolichukulia suala hili kwa uzito. Kimo katika maandishi ya Iceland ya zama za kati. Kulikuwa na mfalme mdogo wa zamani aliyeitwa Olav wa Geirstad, akafa, akazikwa katika kilima cha kaburi pamoja na vitu vyake. Miaka mingi baadaye mwanamke mmoja, Åsta, anashikwa na uchungu, na mtoto hatoki. Mtu mmoja aitwaye Rane anakwenda usiku, anafukua kile kilima, anachukua pete ya marehemu, upanga na mshipi. Mshipi anamfunga mzazi kiunoni. Mtoto anatoka. Rane anamwita Olav.

Mtoto huyo akakua, akawa mfalme Olav Haraldsson. Siku moja anapita na watu wake karibu na kilima kile, na mmoja anamuuliza, "Mtukufu, kweli ulizikwa hapa?" Maana watu walikuwa wanaamini kwamba yule wa kwanza ndiye amerudi. Mfalme, aliyekuwa amekwisha kuwa Mkristo, akakasirika na kujibu kwamba roho yake haijawahi kuwa na miili miwili, wala haitakuwa nayo. Wengi hukisimulia kisa hiki kumsifu mfalme kwa imani yake. Mimi huwa namfikiria zaidi muulizaji. Alichouliza kimo ndani ya jina lenyewe, herufi kwa herufi: wewe si ndiye yule aliyesalia?

Huyo huyo Olav Haraldsson, mwenye jina la urithi, yalimkuta makubwa kwa mwanawe mwenyewe. Kitabu cha Snorri Sturluson cha habari za wafalme kinasimulia kwamba mtoto alizaliwa usiku, dhaifu, kuhema kwenyewe kwa shida. Abatizwe upesi asije akafa bila jina. Mfalme amelala, na amri yake ni kwamba asiamshwe. Wote wanaogopa. Mshairi wake, Sigvat, akasema basi lawama ni zangu, akamtaja mtoto jina: Magnus.

Asubuhi ikawa kesi. Mfalme anauliza kwa nini umethubutu, na kwa nini Magnus? Hilo si jina la ukoo wetu! Sigvat akajibu kwamba amempa jina la mfalme Karla-Magnus, aliyemjua kuwa mtu bora kuliko wote duniani. Anamtaja yule Karolo Mkuu wa Wafaranki, na pale hakuchukua hata jina lenyewe, alichukua sifa: magnus ni Kilatini, maana yake mkubwa. Ni kama mtu wa mbali asikie habari za Chifu Mkwawa Shujaa, mwanawe akamwita Shujaa. Mfalme hasira zikamtoka. Magnus aliishi, akatawala Norwei na baadaye Denmark pia, na jina hilo la kuokoteza usiku likawa jina la wafalme. Leo ukiuliza watu majina ya asili ya huku, Magnus watalitaja miongoni mwa ya kwanza. Kumbe ni mgeni aliyeingia kwa mlango wa nyuma mtoto akiwa hoi.

Olav Haraldsson aliuawa Stiklestad, kaskazini ya hapa, tarehe 29 Julai 1030, na waliomuua walikuwa Wanorwei wenzake. Nasema wazi: hakuwa mtu mpole. Aliwabatiza watu kwa upanga, na waliokataa walilipa kwa mali na kwa viungo vyao. Lakini utawala wa Kidenmark uliofuata ulikuwa na mkono mzito, watu wakaanza kumkumbuka. Mwaka mmoja tu baadaye, tarehe 3 Agosti 1031, mwili wake ulifukuliwa hapa mjini na askofu Grimkell akamtangaza mtakatifu. Kanisa kuu mnaloliona pale limejengwa juu ya kaburi lake. Akaitwa mfalme wa milele wa Norwei. Wengine wote wanakalia kiti kwa niaba yake. Mpaka leo ile nembo ya simba wa Norwei imeshika shoka, na shoka ni la Olav. Mahujaji wanatembea kutoka Oslo mpaka hapa, kilomita 643, na usiku huu huu huenda mmepishana nao, wale wenye mabegi makubwa na ndala.

Hapo ndipo jina lilipopaa. Sasa kila mkulima anaweza kumpa mwanawe jina la mtakatifu. Makanisa ya Olav yakajengwa mpaka Tallinn na London. London lilikuwapo moja karibu na daraja, na barabara iliyopita hapo ikaitwa ya Saint Olave. Waingereza wakaitafuna weee, mpaka leo inaitwa Tooley Street. Ile t ya mwisho ya saint imehamia kwenye jina, Olave ikawa Tooley. Nanyi mnamsema bibi kwa Ulafi!

Lakini mambo ya majina hupanda na kushuka. Mfalme Olav wa Nne alikufa mwaka 1387, kijana wa miaka 16. Baba yake alikuwa Haakon wa Sita. Baada ya kijana huyo Norwei ikaingia chini ya wafalme wa Denmark kwa karne nne na zaidi, kisha ikaunganishwa na Uswidi. Viti vya enzi vikakaliwa na akina Christian na akina Frederik. Olav akarudi shambani. Na huko shambani kwa matamshi ya kila siku, na kwa mkono wa makasisi walioandika Kidenmark, akawa Ole, au Ola.

Nasema akarudi, hakufa. Ole lilikuwa miongoni mwa majina ya wanaume yaliyojaa zaidi Norwei katika karne ya 19. Ushahidi upo kwenye milango ya nyumba zenu. Zamani mtu alitajwa kwa baba yake kama kwetu tunavyosema bin na binti: mwana wa Ole ni Olsen, binti yake ni Olsdatter, na mtoto wa Olsen hakuwa Olsen tena. Mmasai naye anasema ole akimaanisha mwana wa fulani, lakini hilo ni bahati ya sauti tu, msije mkaniandikia kwamba nimesema Wamasai ni Wavikingi. Sheria ya mwaka 1923 iliwataka watu wawe na jina moja la familia lisilobadilika, na majina hayo yakagandia pale yalipokuwa. Ndiyo maana hata leo Olsen ni moja ya majina matatu ya ukoo yaliyoenea zaidi nchini. Na Mnorwei wa kawaida, yule wa kwenye katuni na hotuba za wanasiasa, anaitwa Ola Nordmann.

Kisha ukaja mwaka 1905, na hapa naomba mnivumilie kidogo. Norwei inajitenga na Uswidi. Inahitaji mfalme. Wanamwendea mjukuu wa mfalme wa Denmark, Carl, ambaye mkewe Maud ni binti wa mfalme wa Uingereza. Wana mtoto mmoja, wa miaka miwili, aliyezaliwa Sandringham, Uingereza, anaitwa Alexander. Carl anasema hawezi kuja bila wananchi wenyewe kuulizwa. Wakaulizwa kwa kura mwezi Novemba, wengi mno wakakubali. Anafika Oslo kwa meli tarehe 25 Novemba, theluji inaanguka, na ile picha maarufu inamwonyesha amembeba mtoto mkononi wakati waziri mkuu anampokea.

Carl akachukua jina Haakon wa Saba. Mtoto Alexander akawa Olav.

Mnaona walichokifanya? Haakon na mwanawe Olav. Ni wale wale wawili walioachwa mwaka 1380 na 1387, baba na mwana, kwa mpangilio ule ule. Walikwenda wakaokota uzi mahali ulipokatikia, wakafunga fundo. Familia ya Kidenmark, mama Mwingereza, mtoto mzaliwa wa Uingereza, wakavishwa majina yanayosema: sisi ndio tuliosalia wa wale. Watu wakali wa historia wataniambia hizo ni siasa, na ni kweli, lakini Rane pia alipofukua kaburi lile alikuwa anafanya siasa ya namna yake. Jina Olav limefanya kazi hiyo hiyo tangu siku lilipoundwa.

Na wazazi wakafuata. Baada ya hapo watoto wa kiume walioitwa Olav wakaongezeka, hili lenye v, la heshima, wakati Ole liliendelea na maisha yake ya mtaani. Yule mtoto Olav mwenyewe alisubiri sana. Alishinda medali ya dhahabu ya mashindano ya mashua katika Olimpiki ya Amsterdam mwaka 1928, akakaa mrithi miaka 52, akawa mfalme Olav wa Tano mwaka 1957. Hesabuni: miaka 570 tangu Norwei iwe na mfalme wa jina hilo. Desemba 1973, mafuta yalipoadimika duniani na watu wakakatazwa kuendesha magari wikendi, alipanda treni ya mjini na ski zake, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, kama watu wengine. Ipo picha yake akitoa pesa ya nauli. Alipofariki Januari 1991 watu walijaza uwanja wa ikulu kwa mishumaa kwenye theluji. Mwanawe Harald akapokea, mjukuu akaitwa Haakon tena, na kitukuu mmoja, aliyezaliwa mwaka 2005, ameitwa Sverre Magnus. Magnus! Mshairi Sigvat popote alipo anatabasamu.

Kule kwetu majina haya tuliyasikia kwa njia nyingine. Wazee wa Dar es Salaam mnamkumbuka Olof Palme, waziri mkuu wa Uswidi, rafiki wa Mwalimu Nyerere na wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika. Tarehe 21 Februari 1986 alihutubia mkutano mkubwa wa kupinga ubaguzi wa rangi Stockholm. Wiki moja baadaye akapigwa risasi barabarani akitoka sinema na mkewe. Olof ni Olav. Vijana nyinyi, mwenzenu ni Ole Gunnar Solskjær, mzaliwa wa Kristiansund, si mbali na hapa. Tarehe 26 Mei 1999, Barcelona, dakika za nyongeza, Manchester United na Bayern ni moja kwa moja. Waliokuwa kwenye vibanda umiza usiku ule wanajua kilichofuata; mimi niliangukiwa na benchi. Kibanda kizima kilikuwa kinapiga kelele "Ole! Ole!" na hakuna aliyejua anamwita mwenzake mrithi wa mababu.

Leo je? Ukitazama hesabu za majina zinazotolewa hapa kila mwaka, juu kabisa wamekaa akina Noah, Jakob na Lucas, majina ambayo bibi wa Korogwe angeyatambua mara moja kutoka kwenye Biblia. Katikati ya karne iliyopita Olav lilionekana la kizee, watu wakawapa watoto Jan na Per. Wengine walilificha nyuma ya jina jingine, Jan Olav, Per Olav, mzee apate heshima yake bila mtoto kuchekwa. Lakini majina ya huku yana tabia ya kurudi baada ya karne hivi. Jina la baba yako linachosha, la babu yako linachekesha, la baba wa babu yako ghafla linapendeza. Olav limerudi kwenye vitanda vya watoto kwa njia hiyo. Mwaka 2013 Wamarekani walitoa sinema ya katuni yenye mtu wa theluji aitwaye Olaf, mwenye pua ya karoti, na tangu hapo kila Olaf mdogo duniani anaulizwa kuhusu pua yake. Hilo la karoti sitaki kulizungumza sana. Mtakatifu ana shoka, huyu ana karoti, na watoto wamechagua karoti.

Na mwaka 2030 mji huu utaadhimisha miaka elfu moja ya Stiklestad, nchi nzima inajiandaa. Sitashangaa mwaka huo wodi za wazazi zikijaa akina Olav.

Sasa mtoto wetu. Juzi niliwauliza wazazi swali ambalo bibi aliuliza bila kujibiwa: kwa nini Olav? Baba yake akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo, "Ni jina la baba yangu. Alifariki mwaka juzi."

Nilipiga simu Korogwe mimi mwenyewe. Nikamwamkia bibi, nikaanza na Anulaibaz, nikaenda mpaka Dublin, na bibi akanisikiliza kwa uvumilivu wote wa mtu aliyelea walimu. Nilipofika kwenye babu wa mtoto akanikata. "Kumbe ni jina la babu yake? Marehemu? Sasa si mngesema hivyo tangu mwanzo, mwanangu. Mnanizungusha na ulafi." Kisha akaomba apewe mtoto kwenye simu, na neno la kwanza alilomwambia lilikuwa, "Hujambo, Babu?"

Naona mama mmoja ananionyesha saa, na harufu ya pilau imekwisha nishinda hoja. Mwenye jina amelala pale mbele, na hata angeamka yeye bado ni wa maziwa. Ulafi atuachie sisi. Karibuni chakula.